Mwari wa Saa Kumi na Moja Alfajiri

Wavu wa jiko ulitikiswa mara tatu, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, kisha majivu yakadondoka kwenye sinia la bati. Bernadine Oakes alifumbua macho gizani akatazama saa. Ilikuwa bado dakika tano kutimia saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hiyo amekuja. Usiku kucha Bernadine alikuwa akiomba asije.

Aliyekuwa jikoni ni Imogene Tuttle, msichana wa miaka kumi na mitano aliyehamia Corbin Fork, Indiana, na mama yake wakati wa kiangazi, wakitokea milimani Kentucky. Walipanga ng'ambo ya reli, nyuma ya kiwanda cha nyanya za makopo. Kutoka kule hadi nyumba ya akina Oakes ni mwendo wa dakika arobaini, na Oktoba ile ya mwaka 1949 umande wa asubuhi ulikuwa umeanza kuganda kwenye majani.

Wasichana wa Lambda, chama cha siri cha shuleni, walikuwa na juma lao la wari kila Oktoba. Mwari ni msichana aliyealikwa ajaribiwe. Kwa siku sita alivaa kitunguu kibichi shingoni, kimetungwa kwa uzi, soksi mguu huu nyekundu na mguu huu kijani, nywele zimesukwa mikia saba, uso haujapakwa poda. Nje ya darasa hakuruhusiwa kumsemesha mtu yeyote mpaka aulizwe na mwanachama. Akiambiwa "Uma," aliuma kitunguu hukohuko shuleni, mbele ya wavulana. Zaidi ya hayo, kila mwanachama alikuwa na haki ya kumpa mwari kazi moja ya juma zima. Akishindwa, jina lake linafutwa. Akiweza, Jumamosi anapigiwa kura.

Wengine walitoa kazi za kuchekesha. Imba kila unapoona paka. Nibebee vitabu. Zamu ya Bernadine ilipofika, hakucheka.

"Uje kwetu kila siku saa kumi na moja alfajiri," alimwambia Imogene. "Uwashe jiko, uchemshe kahawa, ung'arishe viatu vyangu."

Coralie Hatch, aliyekuwa anacheka, aliacha kucheka.

Na kisa chenyewe kilikuwa Coralie. Tangu wakiwa na miaka sita, yeye na Bernadine walikwenda shule wameshikana mikono, na njia ya waenda kwa miguu katika mtaa wa Mulberry ilikuwa na upana wa watu wawili, basi. Septemba hiyo Coralie alimpata Imogene, ambaye aliweza kumwigiza mwalimu yeyote mpaka mtu ashike mbavu. Wakawa watatu. Kuanzia siku hiyo Bernadine ndiye aliyetembea pembeni, kwenye nyasi, viatu vikilowa umande, akitega sikio ili asikie wanachochekea wenzake. Mara nyingi alikuwa hajakipata bado, wao wakaanza kingine.

Coralie mwenyewe ndiye aliyempendekeza Imogene katika chama, akasema atakuwa somo wake. Somo humwongoza mwari, na mwisho humvika beji. Msichana huwa somo mara moja tu, mwaka wake wa mwisho. Bernadine alikuwa ametegemea wao wawili wangemchukua mwari mmoja pamoja. Coralie hata hakukumbuka kwamba walikubaliana.

Sasa Bernadine alishuka ngazi bila viatu, akakaa kwenye kipandio cha nne, mahali ambapo mtu huona mlango wa jiko bila kuonekana. Mama yake alikuwa bado kazini, zamu ya usiku ya kuunganisha simu, na baba yake hakurudi kutoka vitani. Nyumba nzima walikuwa wao na Bibi Adelia tu, mama wa mama yake, na Bibi Adelia alikuwa tayari ameamka.

"Wewe ni nani, mwanangu," aliuliza Bibi, "na jiko langu limekukosea nini?"

Kimya.

"Ulimi umeuacha nyumbani?"

Kimya tena. Kisha kiti kikavutwa.

"Aha. Kitunguu. Kumbe juma la wari limeanza. Basi nisikilize. Mimi nilikuwa Lambda kabla mama yako hajaota meno. Nimekuuliza, kwa hiyo una ruhusa ya kujibu."

"Imogene Tuttle, bibi. Bernadine ndiye aliyenituma."

"Amekutuma uje kwa miguu kutoka wapi?"

"Ng'ambo ya reli, bibi."

Bernadine alisikia bilauri ikiwekwa mezani, na maziwa yakimiminwa.

"Vua hicho kitunguu."

"Siruhusiwi, bibi."

"Basi kizungushe kikae mgongoni. Kisinilize machozi kwenye kahawa yangu."

Imogene akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini Bernadine alikijua, kwa sababu ndicho kilichomtoa njiani kikamweka kwenye nyasi. Akapanda chumbani kujifunika blanketi, miguu imempoa.

Alitumaini kesho yake, Jumanne, mtoto yule asitokee. Akatokea. Jumatano ilinyesha, akatokea amelowa, na Bibi akamvika fulana ya zamani ya marehemu mume wake wakati nguo zake zinakauka kwenye kamba juu ya jiko. Siku hiyo harufu ya mikate ilipanda ngazi.

Bernadine aliijua harufu ile. Bibi alikuwa akipika mikate midogo ya maziwa mgando kila asubuhi, miaka yote, ikiliwa moto na siagi ya matofaa, yaani matofaa yaliyopikwa mpaka yakawa mazito kama jamu. Majira ya baridi yaliyopita vidole vyake vilivimba viungo, akaacha. Tangu hapo walikula mkate wa dukani, na hakuna aliyeuliza.

Safari hii alishuka mpaka jikoni. Imogene alikuwa anakanda unga, mikono nyeupe hadi viwiko, na Bibi ameketi karibu naye akimwelekeza kwa kidole. Walipomwona wakanyamaza, kama wanavyonyamaza watu waliokuwa wakizungumza vizuri.

"Usiupige, uguse tu," Bibi alimalizia maneno yake. "Keti, Bernie. Kiti chako hicho."

Bernadine hakukiangalia kiti. Aliangalia mto mdogo uliokunjwa ukawekwa chini ya paja la kushoto la Bibi.

"Huo mto wa nini?"

"Nyonga," alisema Bibi. "Upande huu inanivuta. Imogene amenionyesha jinsi bibi yake alivyokuwa akikaa."

"Hukuniambia kama nyonga inakuuma."

"Hukuniuliza, mjukuu wangu." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja saa. Kisha akampasulia mkate, akaupaka siagi ya matofaa mpaka pembezoni, jinsi Bernadine alivyopenda tangu mdogo.

Bernadine alikula amesimama. Ulikuwa mtamu sana, na hilo ndilo lililomuudhi.

Angeweza kuifuta kazi ile. Mwanachama yeyote aliweza, kwa neno moja: imetosha. Lakini angemweleza nini Coralie? Kwamba alimtuma Imogene ateseke, na Imogene akakaa mezani kwao kama mtoto wa nyumba?

Alhamisi alikuwa tena kwenye kipandio cha nne.

"Zamani na nyinyi mlivaa vitunguu, bibi?" Imogene alikuwa anauliza.

"Vitunguu? Hata. Tulikuwa sita, kwenye dari ya nyumba ya akina Pruett, mwaka wa 1906. Tuliwasha taa moja ya mafuta, tukafungana utepe mweupe mkononi, kila mmoja akasoma shairi alilolipenda. Kisha tukala keki. Huo ndio ulikuwa unyago wetu wote."

"Keki tu?"

"Na maji ya limau. Mwaka uliofuata sheria ya jimbo ikakataza vyama vya siri mashuleni. Mwalimu mkuu akatupanga mstari tuweke sahihi kwamba sisi si wanachama wa chochote. Tukaweka sahihi, Jumamosi tukakutana kama kawaida. Uongo mtupu." Bibi akacheka. "Lakini sasa tuliogopa kusemewa kwa mwalimu. Kila mpya tulitaka atuonyeshe kwanza kwamba anaweza kufunga mdomo. Mwaka wa kwanza tukamfunga mtu kitambaa machoni. Mwaka wa pili mtu akaleta makaroni ya baridi, akamwambia mwari, hii minyoo, meza. Kila kundi likaongeza lake. Vitunguu vililetwa na binti wa muuza mboga. Nadhani baba yake alikuwa na vingi vilivyoanza kuota."

Imogene alicheka mpaka akakohoa. Bernadine, kwenye ngazi, alikumbatia magoti. Alikuwa mwanachama wa Lambda kwa miaka miwili. Alikula makaroni yale amefungwa macho, akatapika. Hakuna siku Bibi alimsimulia habari ya taa na utepe na limau.

Ijumaa baada ya masomo alimpata Coralie peke yake, jambo lililokuwa limekuwa gumu.

"Una roho ngumu wewe," Coralie alisema, lakini kwa mzaha, akimpiga bega. "Siku tano kamili. Na mwenzako hata halalamiki. Jumapili nikimvika beji, nampa na lulu zangu avae siku hiyo na kwenye dansi ya Krismasi."

"Zile ulizosema nitavaa mimi?"

"Utavaa mwakani."

"Mwakani tutakuwa tumemaliza shule, Coralie."

"Basi utavaa harusini kwako. Bernie, usinitoe jasho kwa kitu kidogo."

Kura ilipigwa Jumamosi saa tisa alasiri, sebuleni kwa akina Hatch, mapazia yameshushwa. Walikuwa kumi na wawili, wamevaa nguo nyeupe. Katikati ya meza kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye mdomo uliofunikwa kwa mkono wa kitambaa, ili mtu akiingiza kiganja asionekane anachoachia. Kila mmoja alipewa haragwe jeupe na haragwe jeusi kwa kila jina. Moja unaliacha kisandukuni, la pili unalirudisha mfukoni. Jeusi moja tu linatosha kumkataa msichana, na kanuni ilikuwa kwamba hakuna kuuliza limetoka kwa nani, leo wala hata milele.

Majina manne yalipita, yote meupe. Likaitwa la Imogene.

Bernadine alikuwa amekwisha kata shauri. Njiani alipokuja alijiambia ataweka jeupe, kwa sababu mtoto alikuja siku sita, na mvua ilimnyeshea, na haki ni haki. Alikuwa na jeupe kabisa kati ya vidole. Coralie, aliyekaa jirani naye, akamwinamia sikioni.

"Bibi yako anampenda kweli, eh? Imogene ameniambia wamekubaliana ataendelea kuja kuoka naye hata juma likiisha."

Hata juma likiisha. Bernadine aliona jiko lao: Novemba, Desemba, miezi yote ya baridi, yeye akiwa kipandio cha nne na wale wawili wakicheka chini. Kisanduku kikafika mbele yake. Akaingiza mkono kwenye kitambaa, na kidole gumba kikasukuma lile jingine.

Msichana aliyekuwa mwenyekiti alimimina maharage mezani. Meupe kumi na moja. Jeusi lilizunguka kidogo kabla halijatulia.

Coralie alilia, na kila mtu akamshika mabega, na Bernadine pia akamshika. Huo ndio ulikuwa ukaribu alioukosa tangu Septemba. Aliusikia chini ya kiganja, kitambaa cha gauni na joto la bega, akangoja furaha ije. Haikuja upesi, akadhani itakuja kesho.

Siku ya Jumapili asubuhi, waliochaguliwa hukuta waridi la njano limefungwa kwenye kitasa cha mlango. Ambaye hakuchaguliwa haambiwi kitu. Huamka akafungua mlango, akaona kitasa.

Jumatatu, njiani kwenda shule, Coralie alikuwa ameshikana mkono na Patsy Lowery, mmoja wa wale wanne. Patsy alikuwa amevaa lulu.

"Masikini Imogene," alisema Coralie. "Nililia mpaka macho yakavimba. Lakini unajua, Patsy hakuwa na somo wa maana, na kaka yake ana gari. Bernie, tuachie nafasi kidogo, kanyaga tu nyasi."

Bernadine akakanyaga nyasi. Kwa hiyo Coralie alikuwa hivyo. Siku moja ya machozi, halafu gari la kaka yake Patsy. Alichokivunja, kumbe mwenzake hakuwa amekishika sana.

Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa limetokea alfajiri ya siku ileile. Alishuka saa kumi na moja na robo, maana hakuwa amesikia kitu chochote, akamkuta Bibi amewasha jiko mwenyewe. Mezani kulikuwa na unga umechekechwa, bakuli, na maziwa mgando. Bibi ameketi na mto wake, mikono mapajani, anatazama mlango wa nyuma.

"Juma limekwisha, Bibi."

"Najua. Alisema atakuja hata hivyo."

"Hakuchaguliwa."

Bibi aligeuka polepole. "Meusi mangapi?"

"Moja."

Bibi aliufuta unga mezani kwa ukingo wa kiganja, akaukusanya kwenye kilima kidogo, akausambaza tena. "Unajua yale maharage yalitoka wapi?"

Bernadine alitikisa kichwa.

"Jikoni kwa mama yangu. Ni mimi niliyeyaleta. Kabla ya hapo tulikuwa tunainua mikono. Mwaka wa pili alikuja msichana akiitwa Hester Voss, akakataliwa, na alikuwa ameketi palepale anatutazama. Aliona mikono ya nani imebaki chini. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Nikasema huu ukatili, mtu hapaswi kumjua aliyemkataa, atamchukia maisha yake yote. Nikachota maharage kwenye mitungi miwili, nikashona ule mkono wa kitambaa kwa shati la baba. Wote walinisifu kwa upole wangu."

"Ikawaje?"

"Kwa mikono, miaka miwili tulimkataa mmoja. Kwa maharage, mwaka wa kwanza tuliwakataa wanne." Aliinua macho. "Wasichana wazuri tu. Walioinua mikono yao juu mwaka uliotangulia, mbele ya uso wa mtu. Ni haohao. Mimi pia, Bernie. Mmoja wa wale wanne alikataliwa kwa mkono wangu. Alikuwa na sauti nzuri kuliko yangu kanisani."

Bernadine alishika mgongo wa kiti chake.

"Ni mimi, Bibi."

"Najua, mwanangu. Juma zima ulikaa ngazini. Kile kipandio hulia mtu akikikalia."

"Ulijua nipo? Kwa nini hukuniita?"

"Nilikuwekea kiti kila siku. Nilidhani utakuja kukaa." Akamshika kiganja kwa vidole vyake vilivyovimba. Hakumkemea, na Bernadine angeona heri akemewe.

Jioni hiyo, baada ya masomo, alivuka reli. Hakuwahi kutembea njia ile yote. Alipofika nyuma ya kiwanda miguu ilikuwa inamuuma, na akawaza kwamba mwenzake aliitembea gizani, kisha akasimama jikoni kwao, kisha akaenda shule.

Imogene alikuwa barazani anapiga pasi mashati ya watu. Kikapu kimoja kilikuwa kimekwisha na kingine kimejaa. Alimwona Bernadine, akaendelea na kola aliyokuwa nayo mpaka ikaisha.

"Wewe sasa unaruhusiwa kunisemesha bila kuulizwa," alisema. "Au na wewe una kanuni zako?"

"Nimekuja kukwambia kitu. Lile jeusi lilikuwa langu."

"Nilijua."

"Nani kakwambia? Haitakiwi mtu—"

"Hakuna aliyeniambia. Nilihesabu. Wenzako wengi hawanijui vya kutosha hata wanichukie. Coralie hana subira ya kumchukia mtu siku nzima. Ukabaki wewe." Aligeuza shati. "Nilikukosea nini?"

Bernadine alikuwa ametayarisha maneno njiani, lakini yakaonekana ya kijinga mbele ya kikapu cha mashati. "Walikupenda," alisema. "Kwanza Coralie. Halafu Bibi."

"Na wewe hukunipenda."

"Sikupata nafasi. Nilikuwa nakuonea wivu muda wote."

Imogene alicheka puani, bila kutaka. Kisha uso ukarudi kuwa mgumu. "Mama alinishonea gauni jeupe. Umeelewa? Alishona siku mbili baada ya kazi. Jumapili alinitangulia mlangoni kutazama kitasa."

Bernadine alitazama mlangoni. Aliona pembeni ya mlango gauni lile limetundikwa msumarini, limepigwa pasi vizuri kuliko mashati yote.

"Samahani," alisema.

"Sitakusamehe leo. Nina mashati kumi na manane." Akachukua jingine, akalinyunyizia maji. Baada ya muda akauliza, bila kuinua kichwa, "Vidole vyake vikoje?"

"Vimevimba. Leo alichekecha unga akakungoja."

Pasi ilisimama. Imogene aliiinua haraka kabla haijaunguza.

"Njoo umwone," alisema Bernadine. "Tafadhali. Mimi nitakaa juu, sitashuka."

"Katika nyumba ile siingii tena. Nimeingia kwa mlango wa nyuma siku sita, imetosha." Aliirudisha pasi shatini. "Akitaka, aje yeye. Mwambie Jumapili mchana mama yangu hayupo kanisani, yupo hapa, na jiko letu ni dogo lakini linaivisha."

Bernadine alirudi giza likianza kuingia. Siku ya Jumatano alimrudishia mwenyekiti wa Lambda beji yake. Hakutoa hotuba. Coralie aliuliza, "Umekasirika kwa sababu ya lulu?" na Bernadine akaona hana haja ya kumweleza.

Jumapili, Bibi Adelia alivaa kofia yake ya bluu. Hawakuwa na gari, na nyonga haikupenda mwendo, kwa hiyo walitembea wakipumzika. Bibi alimwegemea Bernadine upande wa kushoto, na Bernadine alijifunza kupunguza hatua mpaka zikalingana. Mwendo wa dakika arobaini uliwachukua saa moja na nusu. Kwenye reli walisimama, Bibi akatafuta pumzi, akasema, "Mtoto aliivuka hii gizani."

Mama yake Imogene, mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyochomwachomwa na pasi, aliwafungulia. Alimtazama Bernadine muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili adabu, kisha akamsogezea kiti, na kwa hilo Bernadine alimshukuru moyoni miaka mingi baadaye. Alimpa na kahawa, kikombe kizima, si chenye ufa. Chenye ufa alikishika mwenyewe.

Bibi na Imogene walikanda unga. Walizungumza kama wanaoanzia walipoachia, habari za bibi wa kule Kentucky, na za mbwa aliyekula sabuni. Imogene alimwigiza muuza mboga anavyotetea vitunguu vyake vilivyoota, na Bibi akacheka mpaka akaomba kukaa. Bernadine aliketi karibu na dirisha. Wivu haukuwa umeondoka. Aliusikia palepale pake, chini ya mbavu, kila Bibi alipomgusa yule mtoto begani. Lakini safari hii hakuinuka akaondoka. Alikaa nao, akala mkate alipopewa, na Bibi alipotafuta mto, yeye ndiye aliyekuwa tayari amekunja koti lake.

Imogene aliliona hilo.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya kiwanda, Bibi alisema warudi kabla baridi haijakaza. Mama yake Imogene alifunga mikate minne kwenye kitambaa. Imogene aliwasindikiza hadi kwenye ngazi za baraza, akamshika Bibi kiwiko kipandio kwa kipandio, mpaka chini.

"Bibi, njoo tena Jumapili," alisema. "Bado hujanifundisha siagi ya matofaa."

"Nitakuja, mwanangu, nyonga ikipenda."

Imogene alimgeukia Bernadine. Alimtazama kwa muda, uso haukulainika sana, wala haukuwa mgumu kama siku ile ya mashati.

"Na wewe uje," alisema. "Nani mwingine atamshika mkono njiani?"